Sindano Mbili za Pua

"Niambie tena, daktari. Ni gani inaweza kuharibu macho?"

"Zote mbili, nikigonga mshipa wa damu," Daktari Wacera alijibu. Hakuwa na desturi ya kuwaficha wagonjwa.

Edah alitazama sindano mbili zilizolala kwenye trei. Mumewe, Wekoye, hakuwa ameuachilia mkono wake tangu waingie kliniki hii ya Kitale. Walikuwa wametoka Kabuchai asubuhi hiyo ya Jumatatu, maana daktari alikuwa amekuja kutoka Nairobi kwa wiki moja tu.

Pua ya Edah ilikuwa imebonyea katikati.

"Alianguka na ngazi ya stoo," Wekoye alieleza, ingawa hakuna aliyeuliza. "Na Alhamisi tuko na shughuli Bungoma. Watu watamwangalia. Nataka ikae vile ilikuwa."

Daktari akainua sindano ya kwanza. "Hii ina dawa nzito ya kujaza hilo bonde. Itakaa mwaka na zaidi, lakini ikishaingia siwezi kuitoa. Hiyo nyingine ni jeli. Inaisha baada ya miezi, na ikileta shida naiyeyusha kwa dawa."

"Weka hiyo ya kwanza," alisema Wekoye.

"Jeli," alisema Edah.

Vidole vya Wekoye vikambana. "Mama Joy, si tuliongea?" Sauti yake ilikuwa ya upole.

"Naogopa macho, Baba Joy. Ikiharibika, si afadhali itoke?"

Wekoye akalegeza vidole. "Sawa. Bora Alhamisi iwe imenyooka."

Sindano ikazama. Edah akakaza meno, chozi likamtoka. Daktari akasukuma kidogo, akasita.

"Unaona vizuri?"

"Naona."

Akasukuma tena. Taratibu, bonde lile likajaa. Alipomaliza, Wekoye aliinama, akamtazama mkewe kutoka upande huu na ule, kisha akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Aki ni kama hakuna kitu kilifanyika," akasema, akatoka kuleta pikapu mlangoni.

Daktari Wacera akampa Edah kioo. Edah hakukitazama. Alikuwa akisikiliza viatu vya mumewe vikishuka ngazi.

"Daktari," alinong'ona, "Jumatano nitarudi peke yangu. Uiyeyushe yote. Alhamisi nataka hakimu kule Bungoma aone vile huyu bwana alinifanya."