Bangili ya Chooni

Akina mama wenzangu, mgeni akitaka kwenda chooni, msimfungulie mlango kwa bangili ya mtoto. Vyoo vyetu siku hizi vinapima kinyesi, na mwenye bangili ndiye anayeitwa hospitali.

Shemeji yangu Mbaruku alikuja kututembelea kutoka shamba, hana bangili. Binti yangu Mwanahawa kwa adabu zake akamfungulia kwa yake. "Pita, baba mdogo." Wiki iliyofuata gari la hospitali likaja kumchukua Mwanahawa. Saratani ya njia ya haja kubwa, wakasema. Matibabu ni yale yale kwa wote: vidonge pamoja na mionzi kwanza, kisu baadaye.

Nikamwambia daktari, "Mwanangu, mgonjwa ni shemeji yangu. Huyu mzima!"

"Mama, kila mzazi husema hivyo. Sheria hairuhusu kupima mara mbili."

Shemeji nikampigia simu, nikamsihi aende mwenyewe. Akacheka. "Shemeji, unataka kunizika na uhai wangu? Choo kimemtaja mtoto, mimi hakikunitaja."

Sasa Mwanahawa chakula hakimkai tumboni, na mionzi imemchubua ngozi hadi kukaa hawezi. Harusi yake ya mwezi huu tumeiahirisha, maana mionzi ile huunguza hata kizazi. Kisu ni mwezi ujao.

Jana nilimuuliza daktari, wakimpasua wakakosa uvimbe, je?

Akatabasamu kwa furaha ya kweli. "Basi tutashukuru, mama. Itakuwa dawa na mionzi vimeumaliza wote."