Bega la Siwema

Siku hizi mtu mzima anaruhusiwa kumbebea ndugu yake maumivu, hata bila kumwambia, ila kiungo kimoja tu, na ukishachagua hakibadilishwi. Mimi nilichagua bega la mwanangu Siwema. Ni msusi, mikono juu kutwa, na kila jioni alikuwa akililia bega hilo. Nikasema, lete mwanangu, mimi kazi yangu kukaa tu.

Kumbe bega lilikuwa linaumizwa na shingo. Muuguzi alinieleza nikiwa nimeshachelewa: "Bibi, mshipa umebanwa shingoni. Wewe umebeba moshi, moto umemwachia mwenyewe."

Basi tukawa tunadanganyana.

"Mama, bega vipi leo?"

"Limepoa. Shingo je?"

"Shingo ya twiga hii, haina neno."

Lakini kila bega liliponizidi, nilijua shingo yake nayo imezidi. Nikawa napepeta mchele kwa tabu.

Leo asubuhi nimeamka bega jepesi kabisa. Siwema naye yuko uani, anageuza kichwa huku na huku, anacheka, anasifu dawa yake ya kuchua. Nikamshukuru Mungu kwa sauti.

Mjukuu wangu Riziki, binti yake Siwema, aliyeingia utu uzima juzi tu, alikuwa anamimina chai, amenipa mgongo. Nikamwita aje tufurahi pamoja.

"Abee, bibi," akaitika kwa uchangamfu. Akaweka birika chini polepole, kisha akanigeukia mwili mzima, kichwa kimenyooka vilevile.