Ukuta Unaokunywa

Lori la sikukuu lilikuwa limeshaanza kupanda mlima, filimbi na ngoma zikilia, na Eusebio mwashi kakaa pembeni na wembe mfukoni. Mvua za mwaka jana ziliuangusha ukuta wake uliozuia udongo nyuma ya kanisa, na tangu hapo hajashika mwiko. Leo alitaka kuona kwa macho yake magofu ya Wainka, wajenzi wa kale wa milima ile, ambako ati mawe yameshikana bila chokaa, hata wembe haupiti.

Wenzake waliposhuka kwenda kucheza, yeye alijaribu kuupenyeza wembe kwenye kila kiungo cha ukuta, mpaka wembe ukavunjika.

"Unaunyoa, fundi?" akauliza Mama Saturnina, muuza pombe ya mahindi wa kijijini kwao.

"Natafuta kosa, mama."

"Makubwa! Kwani lako halijakutosha?"

Akampa kibuyu huku anacheka. Eusebio akakipeleka mdomoni.

"We! Ardhi hunywa kwanza!"

Akamwaga kidogo pale chini. Pombe haikutuama. Iliteleza hadi kwenye tundu dogo chini ya jiwe, ikapotelea humo. Eusebio akapiga magoti, akamwaga tena, sikio kaliegemeza ukutani, mpaka kibuyu kikaisha.

"Ukuta unakunywa, mama," akasema taratibu. "Wangu niliuziba kote, maji yakakosa pa kutokea."

Saturnina aliuza pombe yote, akalala lorini njia nzima. Eusebio aliujenga upya ukuta wake, akauachia tundu chini, ukasimama. Padri hajui bado kwa nini kila sikukuu pale chini, penye tundu, huwa pamelowa pombe.