Mkalimani wa Timau

Mhubiri aliporuka, Mutegi naye akaruka. Mhubiri alipopiga magoti kwenye matope, Mutegi naye puu, magoti chini, suruali ya Jumapili ikaharibika. Ndiyo kazi ya mkalimani. Mhubiri alikuwa mgeni kutoka Taita, Kimeru hajui hata salamu, na uwanja mzima wa Timau ulikuwa ukilisikia Neno kwa kinywa cha Mutegi.

Na kinywa alikuwa nacho, jamani! Alipewa maikrofoni akiwa kidato cha nne kwa sababu Kiswahili chake kiliwashinda hata walimu, na miaka kumi na saba ilikuwa imepita, hajairudisha. Watu walisema akitafsiri habari za jehanamu, unasikia harufu ya moshi.

Lakini leo hakuuona umati. Alikuwa akikitazama kiti kimoja tu cha plastiki, mstari wa mbele, alikoketi mama yake, Karwirwa, amefunikwa blanketi mbili. Daktari alikuwa amewaambia wazi: uvimbe umefika kwenye ini, mrudisheni nyumbani, mkae naye. Na Karwirwa hakuwa ameokoka. Kanisani alikuwa hakanyagi. Mumewe alimkataza enzi zake, na hata baada ya kumzika mzee, mama hakubadilika. Wachungaji watatu walipanda kwake kilimani, wakahubiri, wakanywa chai, wakashuka. Wanawake wa kanisa walishasema sikio la kufa halisikii dawa, wakaacha kwenda.

Uchungu wa Mutegi ulikuwa huu: mbele ya watu elfu moja alikuwa simba, mbele ya mama yake ulimi ulimkauka. Wiki nzima alikwenda kwake akiwa ameazimia kusema. Akaketi jikoni. Akauliza habari za ng'ombe.

"Una neno, mwanangu?" mama alimwuliza jana.

"Mgeni atahubiri vizuri sana kesho, mama. Tafadhali uje."

"Hayo ni ya mgeni. Wewe je?"

"Mimi natafsiri tu."

Mama akasema atakuja.

Sasa wito wa kuokoka ulikuwa umefika. "Kuna mtu hapa," mhubiri alisema, "ambaye hatapata nafasi nyingine!" Mutegi akatafsiri akimtazama mama. Alitamani kuongeza lake, hata moja tu, aseme mama nakusihi. Lakini mkalimani haongezi.

Watu wakaanza kuja mbele: vijana wa mashamba ya maua, wakulima wa viazi, na mlevi mmoja ambaye huokoka kila mwaka. Mama hakusogea. Wito wa pili ukatolewa. Mama alikuwa akipanga blanketi zake vizuri. Karambu, dada yake Mutegi aliyeketi kando ya mama, akafunika uso kwa leso.

Kama wokovu ungekuwa wa kubebwa mgongoni, Mutegi angembeba mama mpaka jukwaani hapo mara moja. Angefanya nini tena, yeye mtoto wa mtu? Wito wa tatu ukapita. Mhubiri akaanza kufunga Biblia.

Mama akasimama.

Watu walishangaa hata wakasahau kumsaidia. Alikuja na fimbo yake, polepole, akipumzika kila hatua tatu, na vigelegele vikalipuka uwanja mzima. Mutegi akalia mbele za watu bila aibu. Asante Mungu. Asante, asante.

Mhubiri akainama. "Mama, unataka kumpokea Yesu leo?"

Mutegi akatafsiri, kisha akamwekea mama maikrofoni mdomoni.

Karwirwa alisema kwa Kimeru, taratibu, bila hasira yoyote, na spika zikayapeleka maneno yake mpaka barabarani. Vigelegele vikakatika. Karambu akasimama, mkono mdomoni. Uwanja mzima ulikuwa umeelewa, isipokuwa mgeni.

"Amesema nini?" mhubiri akauliza, bado anatabasamu. "Tafsiri, ndugu yangu."

Mutegi akatazama huku na huku. Hapakuwa na mkalimani mwingine.

"Anasema..." Akakohoa, akaanza upya. "Anasema yeye aliokoka akiwa msichana, na huomba jikoni kwake kila siku. Sisi tulikuwa tunamwambia tu, hakuna aliyemwuliza. Anasema amekuja mbele kwa sababu ya mtoto wake mmoja ambaye bado."

Akamgeukia mama.

"Ni mimi."