Mgeni wa Kuleta Mwanga

Ng'o! Mwanabibi hakubanduka. Alikaa kitako kwenye kizingiti cha nyumba ya injini, buibui limemwenea, miguu kainyoosha kuziba mlango wote. Nyuma yake injini kongwe iliyowapa umeme watu wa Malindi ilinguruma kama kawaida yake.

"Mama, shikamoo," alisema Karisa, askari aliyetumwa kumwondoa.

"Marahaba, mwanangu. Haya, nibebe."

Karisa alitazama viatu vyake. Nani amshike mke wa mtu mchana kweupe, na watu wamejaa uani wanatazama? Akarudi nyuma hatua mbili.

Mhandisi Kamande, aliyetoka bara kusimamia shughuli ya siku hiyo, alitazama saa yake. Ilikuwa saa tisa na nusu. Saa kumi mgeni wa heshima angebonyeza kitufe hemani, na Malindi ingeingia kwenye umeme wa taifa. Waya ulikwishafika uani tangu wiki iliyopita, na moto wa umeme ndani yake. Lakini Kamande alitaka kwanza injini izimwe, mji ukae bila umeme mpaka mgeni abonyeze.

"Mtuzimie umeme kwa nini?" Mwanabibi aliuliza.

"Mama, mgeni anakuja kuleta mwanga. Atauleta wapi, kama mji una mwanga tayari?"

Ebo! Mwanabibi alicheka kwa hasira. Binti yake Shekha alikuwa hospitalini, kwenye meza ya upasuaji, mtoto amekaa vibaya tumboni. Hospitali haikuwa na injini yake. Umeme ukikatika na daktari kashika kisu, basi tena.

Mumewe, Stambuli, alikuwa mwendeshaji wa injini hiyo kwa miaka ishirini na miwili. Juzi alimweleza Kamande kwa adabu kwamba hakuna haja ya kuzima kitu. Injini na waya vikilinganishwa mwendo, huunganishwa vyote vikiwa na moto, kisha injini ikatuliwa mzigo wake polepole. Aliyeko nyumbani hata hajui. Kamande akakataa katakata. Sherehe ni sherehe. Leo adhuhuri Stambuli alimwambia mkewe maneno machache tu: "Kaa mlangoni. Asipite mtu mpaka Shekha atoke salama." Akaingia ndani.

"Hebu niambie," Mwanabibi alisema, "huo umeme wenu unatoka wapi?"

Kamande alijaribu upole. "Maji ya mto Tana kule juu, mama. Mvuke wa ardhini Olkaria. Mafuta ya Mombasa. Yote yanamiminwa kwenye chungu kimoja, na kila mji unachota humo."

"Na chungu chote hicho hakiwezi kungoja mwanangu ashonwe?"

Watu uani wakapiga makofi. Kamande akamnyooshea kidole.

"Mumeo atafukuzwa kazi leo hii."

"Na afukuzwe! Kazi itapatikana. Shekha nitampata wapi mwingine? Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, bwana wee. Si wewe na tai yako."

Kamande aliondoka, akapotelea nyuma ya nyumba. Mwanabibi alidhani amemshinda, mpaka aliposikia kioo kikivunjika.

Dirisha! Aliruka, akakimbilia ndani. Kamande alikuwa amekwishaingia, suti imechanika begani, anaelekea kwenye swichi kubwa ya kuitenga injini na mji. Na Stambuli, maskini, alikuwa kakaa kwenye kigoda chake anakunywa kahawa. Hakuinua hata mguu.

"Stambuli! Mzuie! Mtoto wako yuko mezani!"

"Mwache," Stambuli alisema.

Mwanabibi hakuamini masikio yake. Alimrukia Kamande mwenyewe, akamshika koti, lakini alichelewa. Mkono wa swichi ulishuka kwa kishindo.

Alifumba macho. Aliliita jina la Shekha, akangoja. Kwa miaka yote ya kumletea mumewe chakula hapa alijua kwamba injini ikipokonywa mzigo ghafla hupiga ukelele.

Haikupiga. Iliendelea kunguruma vilevile.

Alifumbua macho. Balbu iliyokuwa juu ya vichwa vyao ilikuwa inawaka. Feni ilikuwa inazunguka. Kamande alitazama swichi, akatazama balbu, akaitazama tena swichi, na huko nje honi za msafara wa mgeni zikaanza kulia.

Stambuli aliweka kikombe chini.

"Mji unakula umeme wa Tana tangu alfajiri, Bwana Injinia," alisema. "Hii nimeiacha ingurume tu, mpate kitu cha kugombania."