Nani Alimwachia Nani

Jumanne, tarehe 14 Oktoba 2025, katika darasa letu la wahudumu wa wagonjwa huko Minneapolis, Mirlande alishika kalamu ili atie sahihi karatasi ambayo ingemfukuzisha kazi.

Bibi mgonjwa ambaye Mirlande alikuwa akimhudumia, Mhaiti mwenzake, alikuwa ameanguka bafuni. Mirlande aliandika taarifa kwa Kikrioli chao, na ofisi iliyomwajiri ikaitafsiri hivi: mgonjwa amesema kwamba mhudumu alimwachia.

"Bibi alisema nini hasa?" nilimwuliza kwa Kifaransa changu cha Bukavu.

"Alisema alimwachia. Ndivyo nilivyoandika, dada: *Li di li lage l*."

"Nani alimwachia nani?"

"Yeye ndiye aliyeniachia mimi mkono. Alitaka kulifikia taulo peke yake, mkaidi yule. Lakini tulikatazwa kujiita 'mimi' kwenye taarifa."

Niliitazama sentensi ile. Kila *li*, yaani yeye, ingeweza kuwa bibi au Mirlande. Nikaisema kimoyomoyo kwa Kiswahili, alisema alimwachia, nikaona kwamba hata lugha yangu isingemwokoa.

Nikaweka kiganja juu ya mstari wa sahihi. Ncha ya kalamu yake ikanichora kidoleni.

"Usimsemee," nikamwambia. "Fungua alama za kunukuu, umwache bibi aseme mwenyewe."

Mirlande akageuza karatasi, akachora alama mbili ndogo, akaandika *Mwen lage l*, yaani mimi ndiye niliyemwachia, kisha akaendelea.

Wewe unayesoma, mfikishie haya yeyote anayeandika maneno ya mgonjwa.