Printa Moja, Vyumba Viwili

Mama mkwe hakuja kliniki kumsindikiza mtu. Alikuja kukagua.

"Mtoto akikosa sura yetu," alitangaza njia nzima, "mama yake arudi kwao na mzigo wake." Mtoto mwenyewe alikuwa na miezi mitano, tena tumboni. Lakini kwa mtaalamu kama huyo, hicho nacho ni kikwazo?

Mwanawe alimwambia mkewe, "Mvumilie mama tu," kisha akakimbilia kazini. Shujaa!

Baba mkwe naye alikuwamo msafarani, ameshika ubavu. Maumivu yalimsumbua wiki nzima. Mkewe akasema anadeka. Daktari akamwingiza chumba cha pili, na mkaza mwana akaingia cha kwanza.

Mashine za kupigia picha za tumboni zilikuwa mbili, printa moja. Ilikaa koridoni na nyaya zake mbili, na swichi ya kuchagua chumba ambayo vibandiko vyake vilishafutika zamani. Fundi wa picha hakujali. Alijisifu kwamba vidole vyake vinajua vyenyewe, akaizungusha swichi huku akipiga soga.

Mkaza mwana akatoka akijifuta jeli. Printa ikakohoa, ikatema karatasi. Mama mkwe akaidaka kabla ya mtu yeyote. Miwani aliisahau nyumbani, lakini miwani ya nini kwa mtu anayeijua damu yake?

Akaisogeza mbali. Akaileta karibu. Akaguna. Mkaza mwana akaegemea ukuta. Alishajiona anafunga masanduku.

"Haa! Hebu oneni macho haya mawili!" mama mkwe akapiga kelele. "Ya babu yake, yale yale! Huyu ni mzee mtupu!"

Akamvuta mkaza mwana kifuani. "Nisamehe, mwanangu. Ni shetani tu alinipitia. Nyumba ile ni yako, na atakayekusema tena atanitambua."

Mkaza mwana akalia kwa furaha, miezi mitano ya masimango ikimtoka yote. Akapewa picha aishike wakati mama mkwe akitafuta simu awapigie mashoga zake.

Ndipo akaitazama kwa mara ya kwanza.

"Au siyo, mwanangu? Si babu mtupu?"

"Babu mtupu, mama," akajibu, akisogeza dole gumba taratibu hadi likafunika maandishi madogo ya pembeni: *Mwanamume, miaka 71. Mawe mawili kwenye nyongo.*